Kuvuta Si Kubeba

Jioni hii nina ugomvi na tangazo la biashara. Wewe uliye Marekani unalijua: mpira wao umesimama kidogo, mara inatokea pikapu nyeusi ikipanda mlima, nyuma imekokota nyumba nzima, vumbi linatimka, na bwana mwenye sauti ya besi anatamka namba. Pauni 40,000! Hiyo ndiyo namba ambayo Ford waliitangazia F-450 ya mwaka 2023, zaidi ya tani 18. Bwana huyo hasemi uongo. Anajibu tu swali ambalo mnunuzi hakupaswa kuanza nalo.

Nalileta hewani kwa sababu wapo wenzetu wanaoziwazia nyumba hizi za magurudumu. Muuguzi wa mkataba anayehamishwa hospitali kila baada ya wiki 13 na amechoka kulipa kodi za vyumba vya muda. Fundi wa kuchomelea mabomba anayefuata kazi kutoka Texas hadi North Dakota. Wazee waliostaafu, watoto wamekua, wanataka kuiona nchi waliyoitumikia miaka thelathini. Wote hao wakiingia kwenye uwanja wa muuzaji huulizwa swali moja: pikapu yako inavuta kiasi gani? Wakishataja namba ya kwenye tangazo, karatasi za mkopo ziko tayari mezani.

Nyumba ninayoizungumzia ni ile kubwa kuliko zote zinazovutwa na pikapu, ambayo Wamarekani huiita gurudumu la tano. Haifungwi kwenye bampa. Pua yake imenyanyuka na kuingia juu ya bodi ya pikapu, na chini ya pua inaning'inia pini nene ya chuma, inchi 2, inayokamatwa na kiungio kilichofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kukwama nyuma ya semi-trela anaujua mpangilio huo. Ndani mna chumba cha kulala huko puani, jiko lenye friji refu kuliko mimi, mashine ya kufulia, na sebule ambayo kuta zake husukumwa nje ukishaegesha. Urefu wake futi 40, nyingine zaidi. Sifa yake kubwa barabarani ni utulivu: kwa kuwa uzito unakaa juu ya ekseli na si nyuma ya bampa, trela haipati nafasi ya kuyumba na kulichezesha gari kama zifanyavyo trela za kawaida.

Na chimbuko lake, ukitaka kujua, ni starehe tupu. Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao wa Detroit, Frederic Sibley, alitaka kuipeleka boti yake ziwani kwa Ford Model T. Alimwendea August Fruehauf, mhunzi na mtengenezaji wa magari ya farasi, naye akamtengenezea trela iliyoegemea mgongoni mwa gari badala ya kukokotwa nyuma tu. Boti ikafika salama, Sibley akarudi kutaka nyingine za kubebea mbao, na jina la Fruehauf likaja kuwa kampuni kubwa ya matrela. Baadaye, katika miaka ya 1920, Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, akatengeneza nyumba ya kuvutwa aliyoiita Aerocar, na kiungio chake kilikuwa tairi la ndege lililolazwa chali. Kwa hiyo semi-trela zinazopeleka mafuta Kigali na mchele Bukavu, babu yao alibeba boti ya tajiri.

Sasa hoja yangu. Kuvuta si kubeba. Mpagazi wa Kariakoo anaweza kuvuta mkokoteni wenye magunia sita. Mtwike mawili tu kichwani uone shingo yake itakavyokuwa.

Trela hii haivutwi tu, inabebwa. Asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake hukaa mgongoni mwa pikapu kupitia ile pini. Trela ya kufungwa kwenye bampa huegemeza asilimia 10 hadi 15, na yenyewe kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Injini ya dizeli ya siku hizi inaweza kuikokota trela ya tani saba bila kuguna, lakini springi, ekseli na matairi ya nyuma hayajali injini ina nguvu kiasi gani. Yanachokijua ni kilo zilizoyakalia.

Ile namba ya kwenye tangazo hupatikana kwa mtihani halisi, tusiwaonee. Kuna kanuni ya chama cha wahandisi wa magari, SAE J2807, na Toyota walikuwa wa kwanza kuifuata, kwa Tundra ya mwaka 2011. Gari linapandishwa mwinuko wa Davis Dam kule Arizona, joto la jangwani, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, na halitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa, au 35 kama ni la matairi mapacha nyuma. Linapimwa kuondoka kwenye mlima mkali, linapimwa breki. Mtihani mzuri. Ila ndani ya gari hilo huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja pauni 150, yaani kilo 68. Hakuna watoto watatu kiti cha nyuma. Hakuna boksi la zana, hakuna mbwa, hakuna debe la unga wa ugali ambalo mama ameapa hasafiri bila hilo.

Namba inayokuhusu wewe haipo kwenye tangazo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna stika yenye mstari wa njano inayosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi pauni kadhaa. Hiyo ndiyo ruhusa ya mgongo. Na ni ya gari hilo hilo ulilolishika mlango, si ya lile la jirani linalofanana nalo, maana paa la kioo, viti vya ngozi vyenye mota na ngazi za umeme vyote vimeshakatwa humo. Tangi la mafuta lililojaa limeshahesabiwa. Dereva hajahesabiwa, wewe mwenyewe ni mzigo. Kwenye pikapu nzito zaidi unaweza usiikute stika ya aina hiyo, ukakuta tu lebo ya uzito wa juu unaoruhusiwa. Hapo nenda kapime gari likiwa tupu, tangi limejaa, kisha uutoe uzito huo kwenye ule unaoruhusiwa.

Tufanye hesabu, na mwenye kalamu aandike. Trela ya futi 40, uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni pauni 16,000, karibu kilo 7,260. Muuzaji atakuonyesha uzito mkavu, labda pauni 12,800, na uzito mkavu wa pini. Usiuchukue. Uzito mkavu ni wa trela isiyo na maji, sahani, nguo wala godoro uliloongeza, na hakuna mtu anayeishi kwenye trela kavu. Galoni 60 za maji safi peke yake ni pauni 500. Chukua uzito wa juu, tafuta asilimia 20 yake: pauni 3,200 kwenye pini. Kiungio, tuseme 200. Baba, mama na watoto watatu, 600. Zana, mbwa, kuni, vitu vidogo vidogo, 200. Jumla pauni 4,200, zaidi ya kilo 1,900. Na ukitaka kulala usingizi, rudia hesabu kwa asilimia 25, maana trela zenye karakana ya pikipiki au mashine ya kufulia puani hufika huko: pauni 5,000.

Sasa tuzipitie pikapu. Hizi za kawaida, F-150, Ram 1500, Silverado 1500, stika zake nyingi husoma kati ya 1,500 na 2,000. Zimeshatoka mchezoni, hata kama tangazo linasema zinavuta pauni 13,000.

Daraja linalofuata ndilo linalowaangusha wengi, na hapa naomba tukae kidogo. F-250 au Ram 2500 ya dizeli, kebini ya milango minne, inaendeshwa na magurudumu yote: ukiitazama ni mnyama. Boneti iko usawa wa kifua. Unafungua mlango, stika inasoma pauni 2,300, pengine chini ya hapo. Imekuwaje? Gari kubwa namna hii linabeba kidogo zaidi tu ya ile ya mjini! Sababu kubwa iko kwenye karatasi kuliko kwenye chuma. Nyingi kati ya hizo zimesajiliwa kwa uzito wa juu wa pauni 10,000, kwa kuwa ukivuka hapo unaingia daraja jingine la magari, na katika majimbo kadhaa ada na masharti yanabadilika. Injini ya dizeli ni nzito, kebini ni nzito, na vyote vinatolewa kwenye zile 10,000. Ndiyo maana F-250 ya petroli hubeba zaidi ya ndugu yake wa dizeli, ingawa itahema zaidi mlimani. Mtu amelipa maelfu ya dola za ziada kununua dizeli ili avute, na kwa malipo hayo hayo amepunguziwa uwezo wa kubeba. Wauzaji wanalijua hili vizuri sana. Ni wachache wanaolisema bila kuulizwa.

Panda hadi F-350 au 3500 yenye tairi moja kila upande nyuma: stika huwa kwenye 3,500 hadi 4,300 hivi. Kwa familia yetu ya pauni 4,200 hapo ni kubahatisha, na ukifika huko kinachokuzuia ni tairi. Tairi moja la pikapu hizo hubeba karibu pauni 3,600. Mawili ni 7,200. Ekseli ya nyuma ya gari tupu la dizeli imeshakula karibu 3,200 kabla hujaweka kitu. Ongeza pini, kiungio na mizigo, uone kinachobaki. Kwa trela ya mfano wetu jibu ni pikapu ya matairi sita, mapacha nyuma, ambayo hubeba zaidi ya pauni 5,000 na, faida nyingine, tairi moja la nyuma likipasuka kwenye barabara kuu lipo lingine la kukushika. Ndiyo, haiingii kwenye gereji ya nyumbani. Ndiyo, kuosha magari kwa mashine utasahau. Na nikuambie siri ndogo: kwa pikapu za Ford, F-350 ya matairi sita huweza kubeba zaidi ya ile F-450 ya kwenye tangazo, kwa sababu zote mbili zina uzito wa juu wa pauni 14,000 na F-450 ina vyuma vizito zaidi vya kujibeba yenyewe.

Kuna wanaokwenda dukani kununua mabaluni ya hewa ya kusaidia springi. Gari linanyooka, halikai mkia chini, mwenyewe anafurahi. Stika haijabadilika hata pauni moja. Ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale, breki ni zile zile. Kilichoondoka ni ile dalili iliyokuwa ikikuonya.

Msikilizaji, sisi tuliokulia kandokando ya barabara za malori tunajua maana ya mizani. Pale Mariakani, pale Kibaha, lori lilikuwa halipiti bila kupanda juu, na ekseli ikizidi mwenye mali alijua siku imeharibika. Marekani, katika majimbo mengi, mizani za serikali ni za malori ya biashara. Mwenye nyumba ya magurudumu anapita zake akipunga mkono. Hakuna atakayekusimamisha. Kwa hiyo itakubidi ujisimamishe mwenyewe. Kwenye vituo vikubwa vya malori utakuta mizani za CAT, zenye majukwaa yanayopima ekseli za mbele, za nyuma na za trela kila moja peke yake. Panda ukiwa na trela, familia yote ndani, maji na vyombo kama unavyosafiri. Chukua karatasi. Nenda kaegeshe, achia trela, rudi na pikapu peke yake na watu wale wale. Tofauti kati ya uzito wa pikapu mara ya kwanza na ya pili ndiyo uzito wa pini, wa kweli, si wa kwenye kitabu. Na ekseli ya nyuma ilinganishe na lebo ya mlangoni. Ikizidi, usikimbilie kuhamishia mizigo yote nyuma ya trela. Pini ikishuka chini ya asilimia 15 ule utulivu tuliousifu unaondoka.

Tuje kwenye kiungio. Chenyewe kina viwango: pauni 16,000, 20,000, 25,000 na kuendelea, na kila kimoja kina kiwango cha kuvuta na cha kubeba. Chukua kinachozidi trela yako, si kinacholingana nayo barabara. Uzito wake unaingia kwenye hesabu ya mgongo. Vya chuma huweza kufika pauni 200 au 300, na kuna cha alumini cha Andersen ambacho mtu mmoja anakiinua peke yake. Pikapu nyingi nzito za siku hizi hutoka kiwandani na matundu manne kwenye sakafu ya bodi, kiungio kinadumbukizwa na kufungwa kwa mkono. Za zamani hufungiwa reli mbili kwa bolti hadi kwenye fremu. Kwenye fremu, nasema, si kwenye bati la sakafu.

Urefu wa bodi una neno lake. Trela ina upana wa futi 8 hadi 8 na nusu, kwa hiyo nusu yake ni inchi 48 hadi 51. Kwenye bodi fupi ya futi 6 na nusu, umbali kutoka kwenye kiungio hadi ukuta wa kebini ni mdogo kuliko huo. Maana yake ukikata kona kali ukirudi nyuma kwenye kambi, kona ya trela inaingia kwenye kioo cha nyuma. Dawa ni kiungio kinachoteleza. Cha mkono unashuka, unavuta wenzo, ndipo unakata kona. Cha kujiendesha kinateleza chenyewe ukigeuza, lakini ni kizito na ghali. Bodi ya futi 8 hukuondolea mzigo huo wote. Pima pia nafasi ya wima: kati ya ukingo wa bodi na tumbo la trela zibaki kama inchi 6, la sivyo tuta la kwanza litakunja bati. Pikapu za sasa ni ndefu kwenda juu, na mtu akinyanyua pua ya trela ili apate nafasi, trela inasafiri ikitazama mbinguni, mzigo unahamia ekseli yake ya nyuma.

Kuunganisha ni kazi ya dakika kumi ambayo haitaki maongezi. Rudi nyuma taratibu, sahani ya trela iwe chini kidogo ya sahani ya kiungio, ili kiungio kigusane nayo na kuinyanyua kidogo. Hatari kubwa ni pini kukaa juu ya taya badala ya kuingia ndani yake. Kwa macho ya haraka inaonekana imefunga. Ukiondoa gari, trela inateleza na kuangukia kuta za bodi. Kwa hiyo shuka, chukua tochi, chungulia taya zimekumbatia shingo ya pini. Weka kipini cha usalama. Unga waya wa umeme, unga na ile kamba ya chuma ambayo trela ikichomoka hufunga breki zake zenyewe. Halafu, miguu ya trela ikiwa imepandishwa kidogo tu kutoka ardhini, shika breki za trela kwa mkono na uvute gari mbele kwa upole. Likigoma, umefunga. Ikiwa kuna shemeji anataka kukupigia hadithi wakati huo, mwambie asubiri, hadithi haziozi.

Kuhusu kushuka milima nitasema machache, kwa kuwa waendeshaji wa mlima Kitonga hawahitaji mwalimu. Barabara ya I-70 kule Colorado inapita kwenye handaki la Eisenhower, zaidi ya meta 3,400 juu ya usawa wa bahari, kisha inamiminika kuelekea Denver kwa miteremko mikali. Hapo ndipo dizeli inalipa deni lake, kwa breki ya moshi inayolishika gari bila kugusa pedali. Shuka kwa gia ya chini tangu juu, si baada ya kunusa breki zikiungua.

Mwisho kuna leseni. Kwa matembezi ya familia, majimbo mengi yanakuruhusu kuendesha kwa leseni ya kawaida, lakini si yote. Texas wanataka Daraja A isiyo ya biashara kama gari na trela kwa pamoja vinazidi pauni 26,000. California wanaitaka kwa trela ya aina hii inayozidi 15,000. Na najua wapo wanaofikiria kuigeuza pikapu iwe kazi, kuchukua trela mpya kutoka Elkhart, Indiana, mji unaotengeneza sehemu kubwa ya nyumba hizi, na kuzisambaza kwa wauzaji. Kazi hiyo ipo na watu wanaifanya kwa pikapu zao. Ila ukipokea malipo, wewe si mtalii tena: kuvuka jimbo kwa biashara na msafara unaozidi pauni 10,000 kunadai namba ya USDOT na cheti cha daktari, na ukifika 26,001, trela yenyewe ikiwa inazidi 10,000, ni leseni ya biashara ya Daraja A. Pikapu yetu ya mfano ni 14,000, trela 16,000, jumla 30,000. Unahitaji Daraja A hata trela ikiwa tupu haina hata kijiko, kwa sababu hapo askari anasoma lebo, haendi na wewe kwenye mizani.